Kibuyu Ambacho Nyamizi Hakukisugua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao asubuhi na kununiana kwa ajili ya moshi wa jikoni, palikuwa na kijiji cha pimbi juu ya majabali. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene kidogo, hana hata mkia wa kujivunia. Mpaka leo mtu akitaka kumdharau mwenzake humwita pimbi. Basi kaeni vizuri, wadogo zangu, maana leo pimbi ndiye atakayesema, na wakubwa watasikiliza wapende wasipende.

Pimbi huyo aliitwa Nyamizi, na alikuwa binti mbishi. Ukimwambia jua limechwa, anatoka nje kwanza kuhakikisha. Aliishi na mama yake, Bi Kabula, mjane, ambaye alitwanga huku anaimba. Majirani nao walitwanga kwa kumfuata. Tu, tu, tu! Ungedhani kijiji kizima kina mchi mmoja.

Walikula ugali wa dona, unga wenye pumba zake, na maharage, walikula mboga ya mgagani mchungu na mlenda, na kila nyumba ilikunywa togwa ya wimbi. Togwa hiyo ilikaa kwenye kibuyu, na kibuyu kilikuwa na sharti lake: hakisuguliwi. Unakisuuza kwa maji kidogo na kuacha masalia ya jana pale chini, kwa sababu masalia hayo ndiyo yanayouchachusha uji wa leo. Binti akiolewa, mama humpa kibuyu kikiwa na chachu ya bibi, na ya bibi wa bibi. Ukikisugua, umeufuta ukoo mzima.

Chini bondeni, kando ya mto, walikaa wakubwa watatu. Wa kwanza ni Chifu Nyati, ambaye akipiga chafya watu huomba radhi. Wa pili ni Mzee Kiboko, mshauri wake, mpole kwa sura na mzito kwa kila kitu. Wa tatu ni Tabibu Nyani, mjuzi wa dawa tatu na maneno mia tatu.

Siku moja alikuja mgeni, Twiga, kutoka nchi ya mbali. Wakamkaribisha togwa. Twiga akainamisha ile shingo, akanusa, akakunja pua.

Kukunja pua tu, jamani. Hakusema neno. Lakini Chifu Nyati aliona aibu mpaka masikio yakamlegea, na kesho yake baragumu likalia bondeni. Vuuuu! Amri ikatoka: kuanzia leo kila kilichochacha ni uchafu. Vibuyu vyote visuguliwe kwa mchanga na kuanikwa juani. Pumba zitupwe. Mboga chungu ni chakula cha njaa, na ziachwe. Kila nyumba itakula ugali wa sembe nyeupe na uji mweupe wa asali, kama wastaarabu, ili mgeni mwingine asije akakunja pua.

Vibuyu vikasuguliwa. Kwaru, kwaru, kwaru, mlima mzima. Nyamizi alisugua sita. Cha saba kilikuwa cha bibi yake, kidogo, chenye shingo iliyopinda. Alikigeuza mikononi, akajiuliza yeye na Twiga wamekula wapi pamoja hata pua ya Twiga itawale jiko lake. Akakisukuma ndani ya ufa wa jabali na kuuziba kwa jani. Msidhani ilikuwa hekima. Ulikuwa ubishi mtupu. Lakini ubishi nao una siku yake.

Wiki ya kwanza watoto walifurahia asali. Wiki ya pili matumbo yalianza kunguruma. Wiki ya nne hayakunguruma tena, yalikaa kimya na kujaa kama ngoma iliyowambwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu uharibifu haukubaki tumboni. Dada walikosana kwa ajili ya kijiko. Mzee mmoja, mpole wa miaka yote, alimrushia jirani yake ufagio. Watu walilala macho wazi, wakaamka wamechoka. Na Bi Kabula aliacha kuimba. Kisha akaacha kutwanga. Kisha akawa anakaa amegeukia jabali, machozi yanamtiririka, na ukimuuliza unalia nini, anasema hajui.

Tabibu Nyani akaitwa. Akapanda mlima na mkoba wake, akakaa juu ya kigoda cha nyumba bila kukaribishwa.

Bi Kabula akamweleza kwa adabu. "Tabibu, tumbo limenijaa. Siku ya nne hii sijapata choo. Silali. Na moyo unakuwa mzito mpaka naogopa asubuhi."

"Mama, mimi nimekuuliza habari za moyo," Nyani akasema. "Sikukuuliza habari za choo."

"Lakini vyote vilianza mwezi mmoja," Nyamizi akaingilia. "Mwezi ule tuliposugua vibuyu."

Nyani akamtazama juu mpaka chini, safari ambayo kwa pimbi haichukui muda. Akasema hajapanda mlima wote huo ili afundishwe na kitoto. Tumbo ni tumbo na moyo ni moyo. Na ushahidi anao, tena wazi: wakubwa wa bondeni wanakula sembe ileile na uji uleule, wako wazima, wanacheka. Kwa hiyo kasoro haiko kwenye chungu. Iko kwa pimbi wenyewe, hasa wanawake wao, ambao mioyo yao ni myepesi tangu kuumbwa. Akachukua mkaa, akaandika juu ya jabali mbele ya mlango: MOYO MBOVU. Akaenda nyumba ya pili.

Kufikia jioni milango ishirini na miwili ilikuwa imeandikwa, na baragumu likatangaza sheria mpya. Atakayelia, kufoka au kutetemeka mbele ya baraza, pasipo kupigwa wala kufiwa, moyo wake ni mbovu, na avushwe mto asije akaambukiza wengine. Baraza litakaa baada ya siku kumi. Wa kwanza kuhukumiwa ni Bi Kabula.

Ng'ambo ya mto, wadogo zangu, ni mbuga tambarare. Hakuna jabali hata moja, hakuna ufa wa kujificha. Na tai wanajua hivyo. Pimbi aliyevuka huko hakuwahi kuliona jua la pili.

Nyamizi hakulia. Alishuka bondeni kumwomba Mzee Kiboko, kwa kuwa watu walisema ana huruma. Akamkuta kando ya ghala lake, amejilaza. Akamwamkia shikamoo, akamweleza yote, akamwomba amwombee mama yake kwa Chifu.

Kiboko akapumua kwa masikitiko. Akasema anamhurumia sana, tena sana, lakini amri ni amri, na wao wenyewe wanaitii. "Sembe tunakula, mwanangu. Uji mweupe tunakunywa. Na tazama, niko hapa, moyo umetulia kama maji ya mtungini."

Aliposema "tunakula" alifungua kinywa, na kinywa cha Kiboko kikifunguka huwa ni mlango wa ghala. Nyamizi akachungulia. Katikati ya meno mawili ya chini palikuwa na jani la mgagani, bichi, la leo. Kwenye sharubu, punje za wimbi. Na ile harufu iliyomjia usoni hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Alikuzwa nayo. Ilikuwa togwa.

Kumbe! Wanaotuambia tule sembe wanakunywa togwa nyuma ya ghala, kisha wanatuonyesha uzima wao kuwa ndio ushahidi kwamba sisi ni wagonjwa wa kuzaliwa. Nyamizi alitaka kupiga kelele palepale. Lakini nani angemsadiki pimbi dhidi ya Kiboko? Jani lingekuwa limemezwa kabla hajafika sokoni.

Basi akasema, "Asante, mzee. Nimekuelewa vizuri sana." Akaondoka.

Alirudi moja kwa moja kwenye ule ufa wa jabali. Akatoa kibuyu cha bibi, akakitikisa. Kilikuwa kikavu, chini kuna ukoko tu. Akapika uji wa wimbi aliloliokota kwenye jalala pamoja na pumba zake, akaumimina, akaziba, akasubiri. Kesho yake kimya. Siku ya pili aliweka sikio. Tsss. Kitu kilikuwa hai mle ndani. Akampa mama yake kikombe, akamchemshia na mlenda, akamwambia asimwambie mtu.

Lakini hata mama angepona, je? Milango ishirini na mmoja ilibaki. Na sheria ilibaki. Nyamizi alielewa kwamba hana haja ya dawa tu. Anahitaji wakubwa waseme kwa vinywa vyao kile walichomkataza yeye kusema.

Asubuhi ile ile ilikuwa siku ya soko. Akaenda katikati ya watu, mbele ya Chifu Nyati na wenzake wawili, akapiga magoti.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba, pimbi. Sema upesi, maana kukuona tu kunanichosha shingo."

"Chifu, nimekuja kuomba radhi. Tabibu ametuambia kwamba nyinyi mnakula kama sisi na mioyo yenu ni imara. Tumeona aibu. Watu wa majabalini wanaomba ruhusa wawaandalie karamu ya heshima, siku saba, mpaka siku ya baraza. Mtakula hapa, chini ya banda la soko, kila mtu awaone. Sembe nyeupe, uji wa asali. Sisi tujifunze namna moyo imara unavyokula."

Umati ukapiga makofi. Mzee Kiboko akakohoa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku saba ni nyingi, wasiwasumbue wananchi. Nyamizi akamgeukia akiwa bado kwenye magoti, akamuuliza kwa upole kama chakula hicho si kilekile anachokula kila siku nyumbani kwake.

"Ni kilekile," Kiboko akasema. Angesema nini?

"Basi ni kuhama meza tu, mzee."

Tabibu Nyani, ambaye sifa humwingia kama maji kwenye mchanga, akasema kwa kweli itakuwa somo zuri kwa umma. Chifu Nyati akainua pembe, akakubali.

"Na kwa heshima," Nyamizi akamalizia, "hamtatembea peke yenu. Kanga watawasindikiza."

Kanga mnawajua, wale ndege wenye madoadoa. Hawakai mmoja mmoja, hawanyamazi, na hawachoki. Tangu saa hiyo, kila mkubwa alikuwa na kanga kumi na wawili nyuma yake, wenye vifijo na kigoma, na popote alipokwenda walikwenda. Heshima ndivyo ilivyo. Haimwachi mtu peke yake.

Siku ya kwanza wakubwa walikula kwa madaha. Siku ya pili walikula. Siku ya tatu Mzee Kiboko alisema anakwenda kuoga mtoni, tena afadhali aende peke yake. Kanga wakasema haiwezekani, mzee mwenye heshima zake aoge bila nyimbo. Wakamwimbia mpaka akatoka majini. Akasema anakwenda kutazama ghala lake. Wakamfuata mpaka mlangoni, wakapanga mstari pande mbili, wakapiga kigoma. Kiboko akaligusa ghala kwa kwato, akatazama kanga, kanga wakamtazama. Akasema ghala liko salama, akarudi.

Siku ya nne alisema anakwenda haja.

"Twende, mzee," kanga wakasema. "Tutakusubiri kwa nje, kwa heshima zote."

Wakasubiri. Kivuli cha mti kikahama upande huu kikaenda upande ule. Ndani, kimya. Mara moja ikasikika "hmmmmf", kisha kimya tena. Kiboko alipotoka hakumtazama mtu, na macho yalikuwa mekundu.

Siku ya tano Chifu Nyati alikifokea kivuli chake mwenyewe kwa kumtangulia. Siku ya sita Tabibu Nyani alihesabu kanga wake mara tisa, akidai mmoja anamcheka kimoyomoyo na hajui ni yupi. Tumbo kubwa hujaa upesi kuliko la pimbi, na matumbo yao yalikuwa yamejaa mpaka wakikaa wanakaa upande. Na kila asubuhi Nyamizi aliwaletea bakuli jingine la uji mweupe, akapiga magoti, akawauliza wameamkaje. Walisema salama.

Mlimani nako mambo yalikuwa yanageuka polepole. Togwa si muujiza, msije mkaenda kuwaambia watu hivyo. Siku ya tatu Bi Kabula alipata choo. Siku ya tano alilala usingizi mmoja mpaka asubuhi. Siku ya saba alikuwa bado mnyonge, na alimwambia binti yake bado ana huzuni, lakini sasa anaiona mwanzo wake na mwisho wake, kama mto unaoonekana ng'ambo.

Baraza likakaa. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Chifu katikati, Kiboko kulia, Nyani kushoto, na nyuma yao kanga thelathini na sita.

Bi Kabula akasimama mbele, mdogo kama ngumi. Nyani akaanza kumhoji, kwa ukali, ili alie. Akamuuliza kwa nini nyumba yake ina vumbi. Akamuuliza kama anajua kwamba amemharibia binti yake jina. Bi Kabula akajibu kila swali kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa makavu.

Nyani akaanza kutazama huku na huku. "Kwa nini halii?" akanong'ona, ila barazani kunong'ona ni kusema. "Nani amempangia asilie? Mnanifanyia njama. Wote mnanifanyia njama, hata hawa kanga." Mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka mkaa ukamdondoka. Tak!

Nzi akatua kwenye pua ya Chifu Nyati. Nzi mmoja, wa kawaida. Chifu akaruka kutoka kwenye kigoda, akakipiga kigoda teke, akafoka kwamba nzi huyu, na baba yake nzi huyu, na ukoo wa nzi huyu, wote atawanyonga kabla ya adhuhuri. Kigoda kikavunjika. Kraa!

Na Mzee Kiboko alipokiona kigoda kimevunjika, midomo yake ikaanza kucheza. "Kilikuwa kigoda kizuri," akasema. "Hakikumkosea mtu." Na machozi yakamtoka, makubwa kama maboga, mbele ya nchi nzima.

Nyamizi akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Naomba kuikumbusha sheria," akasema. "Atakayelia, kufoka au kutetemeka mbele ya baraza, pasipo kupigwa wala kufiwa, moyo wake ni mbovu, na avushwe mto. Mama yangu hajalia. Mzee Kiboko analia. Chifu amefoka. Tabibu anatetemeka. Kuna aliyepigwa kati yenu? Kuna aliyefiwa?"

"Shuka hapo, pimbi wewe," Chifu akasema.

"Nitashuka, Chifu. Nijibu kwanza. Kama sheria ni ya haki, nyinyi watatu mnavuka mto leo, na sisi tutawasindikiza kwa heshima. Kama si ya haki, basi havuki mtu. Chagua moja. Ya tatu haipo."

Nyuma ya umati mtu akaanza kusema "Mto", taratibu. Mwingine akaitikia. Mto. Mto. Mto. Sauti ikapanda kama michi inayotwanga pamoja.

Chifu Nyati akaangalia kulia, akamwona Kiboko anajifuta machozi. Akaangalia kushoto, akamwona Nyani ameingia chini ya benchi. Akaweka kwato juu ya tumbo lake, na uso ukamkunjamana.

"Huu si moyo wangu!" akanguruma. "Moyo wangu ni mzima! Ni tumbo! Siku saba nakula gundi nyeupe, siku saba sijapata choo, sijalala, nimejaa kama kiroba, nani asingefoka? Ni tumbo hili linalonitia wazimu!"

Mlisikie neno hilo, wadogo zangu. Neno lililomletea Bi Kabula mkaa mlangoni kwake.

"Rudia, Chifu," Nyamizi akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Mzee Kiboko alikuwa ameshashindwa kabisa, akasema kwa kwikwi kwamba anataka togwa yake. Wamwache aende ghalani, mitungi minne iko nyuma ya magunia, pamoja na mgagani, ni ya wote watatu, wamekuwa wakinywa tangu siku ile ya amri, wala hakuwa yeye aliyetoa wazo, lilikuwa la Nyani. Na kutoka chini ya benchi sauti ya Nyani ikasema hilo si kweli, wazo lilikuwa la Chifu.

Hapo hapakuwa na kitu cha kuongeza. Lakini Nyamizi aliongeza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

"Mlitunyima chakula chetu, mkakila nyinyi. Tulipougua, mkasema ni maumbile yetu. Mama yangu aliwaambia tumbo lake limejaa, mkamwambia hamkuuliza habari za choo. Sasa mimi sisemi kila chozi linatoka tumboni. Mama yangu alimzika baba yangu, na hilo hakuna kibuyu kitakachoponya. Nasema moyo na tumbo ni majirani wa ukuta mmoja. Ukichoma takataka huku, kule kunajaa moshi. Na aliyetupa takataka ndani ya nyumba yangu hana ruhusa ya kunicheka nikikohoa."

Akamgeukia Chifu. "Sheria ilitangazwa kwa baragumu. Ifutwe kwa baragumu. Na ulipige mwenyewe."

Umati haukusogea hata hatua moja. Chifu Nyati akaletewa baragumu. Akavuta pumzi, mashavu yakajaa, tumbo likajaa zaidi, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Vuuu, baragumu likalia.

Pruuuuuuu, tumbo likaitikia, refu, bila haya, na kanga wote thelathini na sita wakaruka angani kwa pamoja.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Bi Kabula. Alianza kwa kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaketi chini, mpaka mbavu zikamuuma, mpaka machozi yakamtiririka mashavuni mbele ya baraza lote. Hakuna aliyegusa mkaa.

Siku ile ile kibuyu chenye shingo iliyopinda kilizungushwa mlima mzima, nyumba kwa nyumba, kila mmoja kata moja ya chachu. Hata bondeni walipelekewa, ndiyo, hata wale watatu, ila walikuja kuomba wenyewe, kwa miguu, bila kanga. Na baada ya mwezi kulisikika tena majabalini. Tu, tu, tu. Ziko asubuhi Bi Kabula haimbi, anatwanga kimya tu na kumkumbuka mumewe, na majirani hutwanga kimya pamoja naye.

Ninyi mliosikiliza, nendeni mkale. Ila mchukue na neno hili: kabla hujauhukumu moyo wa mtu, uliza kwanza tumbo lake limelishwa nini, na nani.